Chupa Sita Zisizopashwa Moto

Mke wangu alikuwa akitengeneza sake nyumbani kwetu Yeoville, Johannesburg, kwenye kibaraza cha ghorofa ya pili, upande wa kusini usiopata jua. Sake ni pombe ya mchele ya Wajapani. Wengi waliokuja msibani hawakulijua jambo hilo, na wachache waliolijua walidhani ni gongo iliyopewa jina la kigeni. Si gongo. Haikenekwi. Inachachushwa polepole kwa baridi, inakamuliwa kwa kitambaa, kisha inapashwa moto kidogo ili ikae. Hapo kwenye kupasha moto ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Alijifunza kwa mzee mmoja Mjapani aliyekuwa na mgahawa mdogo kwenye barabara kubwa ya Kensington. Aliingia pale kuosha vyombo. Mwaka wa pili mzee akamweka kwenye wali, kwa sababu, alisema, huyu mama akiushika mchele anaujua. Angeacha kuujua vipi? Alizaliwa Kyela, kwenye majaruba ya mama yake. Mzee alipozeeka akafunga mgahawa na kurudi kwao, na siku ya kuagana akampa kipimajoto cha kioo, chombo cha kupikia kwa mvuke, na kopo la unga wa kijani uliokaa kama vumbi la majani. Unga ule ni mbegu ya ukungu. Bila huo hakuna sake.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia darasa la saba, Tabora, na mambo ya ukungu sikuyaelewa upesi. Yeye alinieleza hivi: mchele hauna sukari, kwa hiyo hauwezi kuwa pombe wenyewe. Ukungu unaula mchele na kuugeuza mtamu, halafu hamira inakula ule utamu. Akaniuliza, "Umeelewa?" Nikasema nimeelewa. Akasema, "Hujaelewa, lakini utanishonea mifuko."

Basi kazi yangu ikawa mifuko. Nilishona mifuko ya marekani ya kukamulia, mshono wa kukunja mara mbili ili machicha yasipenye. Mfuko wa kwanza ulipasuka, sake ikamwagika mpaka kwa jirani wa chini. Alinicheka wiki nzima. Kila mteja akija kuchukua suruali anamwambia, "Angalia vizuri mshono wa matakoni, huyu fundi wangu mifuko yake inapasuka."

Alifanya kazi hiyo wakati wa baridi tu, kuanzia Juni, maana sake haitaki joto ikishaingia kwenye ndoo. Aliosha mchele mpaka maji yatoke safi, akauloweka, akaupika kwa mvuke bila kuutia maji. Akautandaza juu ya shuka mpaka upoe ufikie joto la mwili, akaupima kwa shavu lake, kisha akanyunyizia ule unga kwa chujio la chai. Mchele huo aliufunika ndani ya kisanduku cha kuwekea vinywaji baridi, pamoja na chupa za maji ya moto, na mablanketi juu. Baada ya siku mbili unatoka na manyoya meupe, unanukia kama karanga mbichi zilizochemshwa. Sisi nyumbani tuliuita mchele wa manyoya. Binti yetu alipokuwa mdogo aliuogopa.

Baada ya hapo vinaingia kwenye ndoo: maji, hamira, mchele wa manyoya na mchele uliopikwa kwa mvuke. Haviingii kwa pamoja. Vinatiwa mara tatu kwa siku nne, na siku ya pili hutii chochote, unaiacha ndoo ipumue. Yule mzee aliiita siku hiyo siku ya kucheza. Mke wangu aliiita siku ya ngoma, na siku hiyo hakutaka hata nifungue mfuniko kuchungulia. "Wewe ukicheza unataka mtu akusimamie juu ya kichwa?"

Kwa miaka sita alitumia mchele wa dukani, ule mfupi wa Kijapani. Sake yake ilikuwa nzuri. Tulikunywa Jumapili, vikombe vidogo viwili kila mtu, akafunga chupa. Lakini alichotaka ni kuitengeneza kwa mchele wa mama yake. Mama mkwe alikuwa anatutumia mchele wa Kyela kwa watu wanaokuja na basi, kilo tano, kilo tatu, umefungwa kwenye khanga ndani ya kiroba. Yule mzee alimkataza. Alisema mchele wenye harufu unapiga kelele mdomoni. Mara mbili alijaribu na mara mbili alimwaga, ilikuwa chungu. Alimweleza mama yake kwenye simu, na mama yake akamwambia ataupeleka kwenye mashine aseme ukobolewe zaidi, ubaki kiini. Mwaka jana ukaja mchele mdogo mweupe kama chumvi. Mama mkwe alisema, "Huo ukishindwa, basi wewe ndiye umeshindwa, si shamba langu." Akasema na yeye anataka kuonja. Mke wangu akamwahidi chupa mbili.

Alitia kwenye ndoo mara ya tatu, ile ya mwisho, siku ya Jumapili. Jumatatu alipanda taksi akaenda hospitali kwa sababu ya kikohozi ambacho alikuwa amekivumilia tangu Mei. Alidhani atarudi jioni. Walimlaza. Walisema ni mapafu, na kwamba amechelewa.

Akiwa wodini aliiendesha ile ndoo kwa simu. Kila asubuhi nilipima joto na kumwambia.

"Kumi na mbili."

"Sawa. Imefanya povu?"

"Imefanya."

"Povu la sabuni au povu la maziwa?"

"La maziwa."

"Koroga mara tatu, usizidi, halafu nenda kazini. Na ule chakula, usile mkate mkate."

Nilijifunza sauti ya ile ndoo. Ukiweka sikio, inasema kama mvua ndogo juu ya bati la mbali. Nilimwekea simu karibu ili asikie. Hakusema kitu kwa muda, nikafikiri mtandao umekatika, kumbe anasikiliza.

Siku ya ishirini na tatu alisema nikamue. Ilikuwa Jumanne. Nilimimina kwenye mifuko yangu ya marekani, nikaining'iniza juu ya beseni, ikachuruzika yenyewe, kisha nikaiwekea uzito wa matofali mawili yaliyofungwa kwa plastiki. Mshono haukupasuka. Nilipata karibu lita nne na nusu. Jumatano nilimpelekea kidogo wodini, ndani ya kichupa cha dawa ya macho nilichokiosha kwa maji ya moto. Hakuweza kunywa. Nilimwekea chini ya pua, kisha nikamlowesha mdomo kwa kidole. Alifumba macho.

"Ina mchele," akasema.

Nikamuuliza maana yake ni nini.

"Ina mchele wa nyumbani. Imekubali." Akapumzika kidogo, maana kusema kulimchosha. "Sasa ipashe, baba mtoto. Sitini na tano, usizidi. Usipoipasha itageuka. Kwenye friji itavumilia siku kadhaa, isizidi wiki mbili. Mbili za mama."

Nilikuwa na sare za shule za kumaliza. Nawaambia ukweli: jioni ile ningeweza kupasha. Nilisema kesho.

Alhamisi asubuhi nilimimina sake kwenye chupa, chupa sita. Nikaweka sufuria kubwa juu ya jiko la umeme, nikatandika kitambaa chini ili chupa zisigonge, nikatia maji. Kipimajoto kilikuwa mezani. Kabla sijawasha, simu ya hospitali ikaja.

Sitaeleza siku ile.

Shangazi alifika kabla ya saa saba mchana. Namwita shangazi kwa sababu ndivyo mke wangu alivyomwita. Ni wa ukoo wao, kijiji kimoja, na yuko Johannesburg zaidi ya miaka thelathini. Anakaa Jeppestown, anauza vitenge. Mtu wa kwao akifiwa hapa mjini, yeye ndiye anayekuja kuongoza, na watu wanamshukuru, maana wengi wetu hatujui tena la kwanza ni lipi. Aliingia, akanishika kichwa, akalia kwa sauti. Kisha akafuta uso, akaingia jikoni, akaona sufuria. Akaichukua akamwaga maji kwenye sinki.

"Mwanangu," akasema, "nyumba aliyotoka haiwashwi moto mpaka ardhi imfunike. Majirani watapika. Hapa ndani, hapana."

Binti yetu alikuwa amesimama mlangoni. Ana miaka kumi na tisa, amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote lakini akikisema anakisema kwa kuchagua njia fupi.

"Shangazi, hii si moto. Ni umeme."

"Inachemsha?"

"Inachemsha."

"Basi ni moto."

"Na birika?"

"Linachemsha?"

Shangazi akachomoa birika, akazungusha waya wake, akaliweka juu ya kabati. Jirani yetu wa upande wa pili, mama wa Kikongo anayesuka nywele, alikuwa ameingia na mikeka. Akasema kwa upole, lakini nilimwona akibana mdomo, "Mama, sasa ata jua ya inje tuizime?"

"Hilo halimo ndani ya nyumba," akasema shangazi.

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, kikaisha. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia ile sufuria iliyofunikwa kichwa chini. Chupa zote sita nikazitia kwenye friji.

Mimi ni mtu wa Tabora. Mila za kwao mke wangu sikuzijua zote, na yeye mwenyewe hakuwahi kunieleza hiyo. Nilijiambia kama ni desturi yao, nani mimi wa kuivunja siku ambayo yeye hawezi kusema? Niliogopa, kusema kweli. Niliogopa kwamba nikiwasha moto kwa ajili ya pombe, na mwili wake haujazikwa, litampata jambo huko aliko. Na niliogopa kina mama wa kanisani walioketi sebuleni wakiimba. Ningewaambia nini? Naomba mnipishe kidogo nipashe pombe ya marehemu?

Ijumaa wale kina mama wakahitaji friji. Nyama ilikuwa imeletwa, na soda, na maziwa. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka naona mikono inatoa chupa zangu moja moja.

"Baba, hizi ni nini?"

"Ni zake," nikasema.

"Togwa?"

Sikujibu. Zikapelekwa kibarazani, zikapangwa sakafuni karibu na ndoo tupu. Nilijifariji kwamba ni Julai, kibaraza ni baridi kama friji. Nikazifunika kwa koti langu zisipate mwanga.

Laiti tungezika Johannesburg, siku tano, sita, ningekuwa nimewasha. Lakini mama yake alitaka mwanawe arudi, na mimi nilitaka hivyohivyo. Kumrudisha mtu siyo safari, ni karatasi. Pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda. Cheti kimoja kiliandikwa umri vibaya, kikarudishwa. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kina mama wakapungua, kila mtu ana kazi yake. Mama wa Kikongo akaendelea kutuletea chakula kila jioni kwenye sahani zilizofunikwa, na chai kwenye chupa ya chai. Tulioga maji baridi. Shangazi alikuja kila siku ya pili, akagusa jiko kwa kiganja, akaridhika.

Binti alianza kunisumbua tangu siku ya tano.

"Baba, ipashe tu. Mama alisema."

"Tunangoja azikwe."

"Mama alisema siku chache."

"Najua alivyosema."

"Eish, baba. Niipeleke kwa jirani? Nitapasha kule. Mimi najua, nimeona mama."

Ningeweza kusema ndiyo. Yule mama wa Kikongo ameokoka, lakini asingekataa, sasa najua. Nilimwambia binti yangu kwamba mambo ya mila hayazungukwi kwa mlango wa nyuma. Nilisema kwa ukali, kama mtu anayejua. Sikujua kitu. Nilikuwa narudia maneno ya shangazi kwa sauti yangu.

Siku ya kumi na nne nilifunua koti. Chupa tatu zilikuwa bado safi, zina rangi ile ya majani makavu. Tatu zilikuwa na ukungu ndani, kama mtu amepumulia kioo, halafu nikaona nyuzi nyeupe zinaelea, nyembamba kuliko uzi wangu wa darizi. Nikazifunika tena. Huo ndio ulikuwa wakati. Bado nusu ilikuwepo. Nilirudi ndani nikakaa.

Karatasi zilikamilika siku ya ishirini na moja. Mimi sikusafiri. Kibali changu kimekaa ofisini kinangoja jibu, na nikitoka nje ya mpaka sirudi, na kazi yangu iko hapa, na mtoto anasoma hapa. Binti alikwenda na mama yake. Nilimsindikiza uwanja wa ndege pamoja na shangazi. Kwenye foleni binti akanigeukia.

"Za bibi ziko wapi? Chupa mbili."

"Hazijapashwa. Hazitafika."

Aliniangalia. Akavuta begi lake akaenda. Naona mpaka leo jinsi alivyolivuta, gurudumu moja lilikuwa bovu, na hakugeuka.

Shangazi akaniambia, "Mwache. Watoto wa huku hawajui."

Walimzika siku ya tatu baada ya safari hiyo, mchana. Mimi nilikuwa nyumbani, cherehani imefunikwa. Saa kumi jioni simu ikalia, binti.

"Baba, tumemaliza. Bibi anataka kusema na wewe."

Nilisikia kuku, na watu wengi wakizungumza, na vyombo. Kisha sauti ya mama mkwe, imekauka.

"Mkwe wangu."

"Mama, shikamoo. Pole."

"Marahaba. Pole na wewe, baba. Tumemlaza vizuri. Karibu na babu yake." Akavuta pumzi. "Nilikuwa namuuliza mjukuu. Ule mchele wangu, ulikubali?"

"Ulikubali, mama. Alisema umekubali. Alisema una harufu ya nyumbani."

"Aliuonja?"

"Nilimlowesha mdomo."

Akalia kidogo hapo, polepole, mimi nikangoja.

"Sasa mbona mtoto amekuja bila yangu? Alisema mbili ni zangu."

"Haikupashwa moto, mama. Ikaharibika. Tulikuwa hatuwashi moto ndani mpaka azikwe."

"Hamuwashi moto?"

"Ndiyo. Kwa desturi yenu."

Nikasikia anageuka anaongea na mtu kwa kilugha, na yule mtu akajibu, na mwingine akasema kitu kwa mshangao. Akarudi kwenye simu.

"Baba, hapa tumepika tangu siku ile mliyopiga simu. Jikoni kwangu, humu ndani. Tungewalisha nini watu wote hawa wiki tatu? Hiyo ilikuwa ya zamani, ya wakati wa mama yangu. Nani amewaambia?"

Sikumtaja shangazi. Nilisema tulidhani.

"Mngeuliza," akasema mama mkwe. Hakusema kwa ubaya. "Mngenipigia tu, mngeniuliza."

Nilikuwa nimempigia. Nilimpigia karibu kila siku kwa wiki tatu, kuhusu pasipoti, kuhusu cheti, kuhusu jeneza, kuhusu gari la kutoka uwanja wa ndege. Hilo moja sikuliuliza.

Asubuhi yake shangazi alikuja na kikapu: unga, kabichi, kipande cha sabuni mpya, na kiberiti. Alivaa vizuri, kilemba cheupe. Alikuja kuwasha moto wa nyumba, kupika ugali wa kwanza, kama inavyotakiwa. Alivua viatu mlangoni. Alipoliona jiko langu ni la umeme, kana kwamba hakuwahi kuliona, akakitazama kile kiberiti mkononi na kukirudisha kikapuni.

"Walimaliza saa ngapi jana?" akauliza, akiinama kuosha mikono.

"Saa nane."

"Vizuri. Na kule moto wamewasha jioni?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nimefikiri sana baadaye kama ingekuwa vizuri zaidi. Lakini sijui kudanganya, na nilikuwa nimechoka.

"Kule hawakuzima, shangazi. Walipika tangu siku ya kwanza. Mama anasema waliacha zamani."

Maji yaliendelea kutoka bombani. Hakuyafunga.

"Nani anasema?"

"Mama yake mwenyewe."

"Yule?" akasema. "Yule tulikaa naye siku kumi na moja bila moto, babu alipokufa. Tulikula viazi vya kuchoma vya jirani, mimi na yeye, tumejifunika khanga moja." Akafunga maji. Mikono yake ilikuwa inadondosha maji sakafuni. "Mimi niliondoka na hiyo, mwanangu. Niliondoka nayo nikijua ndiyo hiyo. Hakuna aliyeniambia kwamba wameiacha."

Akakaa kwenye kiti cha cherehani yangu. Niliona kwa mara ya kwanza kwamba ni mzee. Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia, nilikuwa na maneno usiku kucha, na sasa sikuyapata. Ni nani alikaa kimya chupa zikitolewa kwenye friji? Ni nani alimkalipia mtoto? Ni nani alisema kesho?

"Ile sufuria," akasema. "Siku ile. Nilimwaga maji ya nini?"

Nikamweleza. Nilieleza yote, mchele wa manyoya, siku ya ngoma, sitini na tano, mbili za mama. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema, "Lete."

Nikaleta moja kutoka kibarazani. Zote sita sasa zilikuwa zimegeuka. Nilipoifungua ilitoa pumzi, na harufu ikaja, maziwa yaliyolala, na nyuma yake kwa mbali, ukiitafuta, harufu ya wali. Nikammiminia kwenye kimoja cha vile vikombe vidogo vya Jumapili. Shangazi ni mtu wa kanisani, sijawahi kumwona akigusa pombe. Akainua, akanusa muda mrefu. Akanywa. Uso ukamkunjamana, lakini akameza.

"Imeharibika," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Lakini ni mchele wetu."

"Ndiyo."

Akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, siyo kama siku ile alipoingia analia kwa kuongoza watu. Akaniuliza zimebaki ngapi. Nikamwambia tano na hiyo. Akainuka, akachukua sufuria kubwa pale ilipokuwa imefunikwa tangu ile Alhamisi, akaijaza maji nusu, akaiweka juu ya jiko.

"Kitambaa kinakaa chini?"

"Kinakaa chini. Lakini shangazi, haisaidii tena. Kupasha hakurudishi."

"Alisema ipashwe, si alisema?"

"Alisema."

"Basi washa."

Nikaenda kuleta chupa.